Mzee Taratibu, Shokapu Zake na Sahihisho Moja

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, dereva wetu wa pikipiki ya sampuli atakabidhi ufunguo, kofia ngumu na sanduku la baridi, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika maabara hii. Jina lake kamili limo kwenye jalada la masijala, lakini kwa kuwa hakuna anayelitumia, hata mkewe, tutamwita kama siku zote: Mzee Taratibu.

Jina hilo hakupewa bure. Njia ambayo wenzake huimaliza kwa dakika ishirini, yeye huimaliza kwa arobaini. Amewahi kupitwa na baiskeli iliyobeba godoro, na mwenye baiskeli akageuka kumpa pole. Wageni walidhani ni woga. Sisi tunaopokea chupa zake tunajua sababu: damu ikitikiswa sana njiani, chembe zake hupasuka, maji yake yanageuka mekundu, na kipimo hakifai tena. Mgonjwa anaitwa upya na kuchomwa sindano upya, na akiwa mtoto mchanga, mshipa wenyewe unatafutwa kwa tochi. Mzee Taratibu alielezwa jambo hilo siku yake ya kwanza kazini. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Amefanya kazi chini ya wakuu wa maabara sita na kuchakaza pikipiki nne. Sanduku halijawahi kumpotea. Mwaka wa mafuriko aliliweka kichwani, akavuka maji yaliyomfika kiunoni, akafika mapokezi na kutia sahihi kitabuni kwanza ndipo akaomba taulo. Hana makuu, hana maneno mengi, na chai yake ina sukari ambayo sisi watu wa vipimo tumeikemea mpaka tumechoka.

Lakini kinachomtofautisha na madereva wote tuliowahi kuwa nao hufanyika nyumbani kwake, barazani, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili. Siku hiyo hubadilisha oili ya shokapu za mbele. Gereji nyingi humwaga oili ya injini na kukuaga. Ile ya shokapu haionekani, basi haikumbukwi, mpaka usukani uanze kukugonga mikononi kila penye shimo.

Baraza hiyo ina mafundi wawili, kwa sababu mkewe ni fundi cherehani. Mzee hutandika shuka kuukuu, huinua injini juu ya kreti la soda na kufungua gurudumu. Vifuniko vya juu huvilegeza shokapu zikiwa bado zimebanwa, maana ukishazichomoa zinazunguka tu mkononi na spana haina pa kushika. Kisha humwaga oili ya zamani kwenye beseni. Inanuka samaki aliyesahaulika, na wateja wa mkewe siku hiyo hupimwa magauni wakiwa wameziba pua.

Oili mpya huipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, aliloliomba hapa kazini kwa barua rasmi. Shokapu za mbele ni miguu miwili, na kiasi cha mguu wa kulia na cha wa kushoto lazima vilingane. Akishamimina, huusukuma kila mguu juu na chini polepole mpaka mapovu yaishe, kisha hutumbukiza rula kuona oili imefika wapi. Rula ni ya mkewe. Kuna bibi harusi mmoja aliyeolewa akiwa na alama ya oili kwenye pindo, na mpaka leo hajaambiwa.

Naomba sasa niweke mzaha kando. Miaka kumi na saba iliyopita, sampuli za kituo cha mlimani zilianza kufika zimeharibika. Za vituo vingine zilikuwa safi. Kituo kile kilikuwa na muuguzi mpya, msichana aliyekuwa bado katika miezi ya majaribio, na damu huweza pia kuharibika ikivutwa vibaya kwenye bomba. Mimi ninayeandika haya ndiye niliyepokea chupa hizo, na sikujisumbua kufikiri zaidi. Niliandika ripoti dhidi yake. Tena kwa kuwa nilikuwa pia mhariri wa jarida hili, nilichapa humu kwamba muuguzi wa kituo cha mlimani anaharibu damu ya wagonjwa kwa uzembe. Akakatazwa kushika sindano. Barua ya kumwachisha kazi ikawekwa mezani kwa mkuu, ikingoja sahihi tu.

Mzee Taratibu alisikia habari hizo pale mapokezi, akitia sahihi kitabuni. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amebadilisha oili, na pamoja nayo ile mipira inayozuia oili isivuje, ambayo mafundi huiita sili. Tangu hapo usukani ulikuwa mgumu kidogo, naye akajiambia kwamba ni sili mpya, zitalainika. Sasa moyo ukamwuma, kwa sababu njia ya kituo kile peke yake ndiyo ya mawe. Nyingine zote ni lami.

Jumamosi alizifungua tena shokapu zake. Mguu mmoja ulimwaga oili mara mbili ya kiasi chake. Wa pili ulitoa matone. Ndipo mkewe akakumbuka: siku ile alikuja mteja mwenye haraka, na yeye, ili apate nafasi, aliihamisha miguu iliyokuwa imesimamishwa kwenye ndoo, kisha akairudisha bila kujua upi ni upi. Mzee, aliyekuwa ameshajaza mmoja na kwenda kunawa mikono, aliporudi aliujaza tena uleule. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, hakutumia rula, kwani mteja alikuwa anapimwa nayo.

Mkewe alitaka abebe lawama yeye. Mzee akakataa katakata: mkono uliomimina ulikuwa wake, na rula alikuwa na uwezo wa kuisubiri.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa mkuu na chupa mbili, moja imejaa na moja karibu tupu, akazipanga juu ya ile barua iliyongoja sahihi. Nilikuwepo, na nakumbuka neno kwa neno alichosema: "Bosi, yule binti hana kosa. Mwenye kosa ni mimi." Alijua anachokiweka rehani. Alikuwa anakaribia kufanywa msimamizi wa madereva, na barua yake ilikuwa imeshachapwa. Cheo kikaota mbawa siku hiyohiyo, na badala yake akapewa onyo. Pia alipigwa marufuku kugusa shokapu nyumbani, marufuku iliyodumu miezi mitano, mpaka mkuu mwenyewe alipopanda pikipiki iliyotoka gereji na kurudi ameshika kiuno. Tangu hapo kukawa na fomu ya oili yenye sehemu ya shahidi. Shahidi ni mkewe. Kila mwaka huandika "Nimeona, na rula ilitumika".

Muuguzi alirudishiwa kazi yake, na leo ndiye msimamizi wa kituo kile. Ripoti yangu na ile barua vilichanwa. Kilichobaki ni jarida. Sikusahihisha. Niliona haya, nikajiambia watu wamesahau, na toleo likapita, na jingine likapita. Mzee Taratibu hakuwahi kunikumbusha, na ukimya wake ulinichoma kuliko karipio lolote.

Mwezi uliopita kamati ya kuaga ilimwuliza anataka zawadi gani. Tulikuwa tumeshachagua kiti cha kuegemea. Akashukuru, akasema kiti atakipokea, lakini kama kuna nafasi, angependa jarida liandike kwamba yule binti hakukosea, maana amesikia kwamba mpaka leo binti huyo bado anayo nakala ya toleo lile.

Tunakushukuru, Mzee Taratibu, kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na miaka mingi barazani pamoja na mama wa cherehani.

Na ombi lako ni hili hapa. Muuguzi wa kituo cha mlimani hakuharibu damu ya mgonjwa yeyote. Alifanya kazi yake vizuri tangu siku ya kwanza. Aliyemchafulia jina ni mimi, nikiwa nimeketi kwenye kiti hikihiki, na ninamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Nakala ya kwanza ya toleo hili itakuwa ndani ya sanduku lako Ijumaa asubuhi, na kwa ruhusa yako nitapanda nyuma yako, ili nimkabidhi muuguzi kwa mkono wangu.