Dole la Kushoto

BABA: Haloo, nani mwenzangu? Miwani iko ndani, na hata ingekuwepo, jina lingenishinda kusoma.

KITINDA: Ni mimi, baba. Shikamoo.

BABA: Marahaba, kitindamimba wangu. Mbona saa nne ya Jumatatu? Wiki moja tu kazini, wamekufukuza?

KITINDA: Bado hawajanifukuza. Baba, nimekipata.

BABA: Umepata nini?

KITINDA: Kitabu.

(Spana inawekwa sakafuni.)

BABA: Rudia.

KITINDA: Kitabu cha vifaa, cha enzi za mama. Nimekaa nacho wiki nzima hapa stoo bila kujua. Wamekisukumia chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe.

BABA: Hao watu. Mke wangu wamemfanya kabari ya meza.

KITINDA: Sina salio la kutosha, nisikilize. Mkaguzi wa kazi yuko ofisini kwa meneja. Wakitoka huko wanakuja stoo, na mimi—

BABA: Mnyapara yupo?

KITINDA: Siku hizi ni meneja.

BABA: Hata wampe ufalme, kwangu ni mnyapara. Bado anaitembeza ile kalamu ya dhahabu mfukoni?

KITINDA: Anayo. Hataki kushika ya mtu mwingine.

BABA: Ndiyo aliyosainia barua ya kwamba mama yako alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Haya, endelea.

KITINDA: Leo asubuhi kaniletea kitabu kipya na boksi moja la barakoa. Boksi nisilifungue, ni la kumwonyesha mkaguzi. Halafu kasema niwasainishe wale vijana wapya, wote thelathini na wawili, kwamba kila mmoja amepokea yake. Nikamuuliza, wakishasaini niwagawie? Akacheka. Eti zinakuja wiki ijayo, kusaini ni utaratibu tu.

BABA: Zinakuja. Mama yako aliambiwa zinakuja miaka kumi na mmoja. Ile mashine ya kuchana nyuzi za magunia inarusha vumbi kama unga, anarudi nyumbani kope nyeupe, mimi namtania kwamba nimeoa bibi kizee. Zinakuja. Wewe hukusaini, lakini.

(Kitabu kinafungwa.)

BABA: Kitinda. Hukusaini.

KITINDA: Nimesaini. Jina la kwanza kabisa ni langu. Alinisimamia kichwani, akasema karani wa stoo ndiye aonyeshe mfano.

BABA: Mimi nilikutuma huko ukatafute kitabu, sikukutuma ukawasaidie ku—

KITINDA: Usinigombeze, baba. Wenzio wanawatafutia watoto kazi ili wale. Wewe umenitafutia kazi ili ulipize kisasi. Na sijasema neno. Wiki nzima navuta vumbi lile lile la— (anakohoa) la—

BABA: Hiyo nini?

KITINDA: Koo tu.

BABA: Tangu lini?

KITINDA: Baba, ni koo.

(Mtandao unakwaruza.)

BABA: Mama yako naye alisema ni koo.

KITINDA: ... Ndiyo maana nimekupigia. Kitabu ninacho, ila sielewi natafuta nini humu. Naona jina la mama kwa mwandiko wa karani, kila Jumatatu, na dole gumba pembeni. Si ndicho kile walichokuja nacho kwenye kesi? Kinasema alipewa barakoa kila wiki akaamua asivae. Kinawasaidia wao, si sisi.

BABA: Litazame dole lenyewe. Lina nini?

KITINDA: Ngoja nisogee dirishani... Lina mstari. Mweupe, umekata katikati.

BABA: Hilo ni kovu. Waya wa marobota ulimchana, mwaka aliozaliwa kaka yako. Nilimfunga mwenyewe kwa kitambaa cha kufutia grisi. Mkono upi?

KITINDA: Kushoto. Alikuwa akinipaka mafuta usoni linanikwaruza.

BABA: Na mtu akiambiwa aweke dole, popote pale, anaweka la wapi?

KITINDA: La kulia.

BABA: Basi. Wale akina mama wa chumba cha kuchana walikubaliana wao kwa wao. Ukipewa kweli, weka la kulia. Hukupewa, weka la kushoto. Kuandika hawakujua, na ukikataa kusaini unaonyeshwa geti. Wakaona ukweli wausemee hapo hapo mnyapara anapowatazama. Mimi nilikuja kuambiwa na mwenzao mmoja kesi ikiwa imeshafungwa, tukiwa makaburini tunamzika mwenzao mwingine.

KITINDA: Mama hakukuambia?

BABA: Hakuniambia.

KITINDA: Nyumba moja, kiwanda kimoja, wewe fundi wa mashine zile zile. Kwa nini asikuambie?

BABA: Hilo tuliache. Fungua kurasa. Zote zina mstari?

(Karatasi zinafunuliwa.)

KITINDA: Lina. Lina. Lina. Hili pia... Hili halina.

BABA: Soma hapo.

KITINDA: Ni safi kabisa, duara zote zimekamilika. Pembeni karani kaandika, "siku ya ukaguzi". Ngoja... kuna lingine, mwaka uliofuata. Nalo safi. Siku ya ukaguzi.

BABA: Kitabu hicho ni cha miaka mingapi?

KITINDA: Mitatu.

BABA: Miaka mitatu, alipewa mara mbili. Na siku hizo mbili aliwatendea haki, akaweka la kulia. Mwanamke yule alikuwa hasemi uongo hata kwa wezi.

KITINDA: Sasa nani ataniamini kwamba la kulia halikuwa na kovu? Mama hayupo.

BABA: Fungua mkoba wako. Ule mfuko wa ndani, wenye zipu.

(Zipu.)

KITINDA: ... Kitambulisho cha mama.

BABA: Geuza nyuma. Dole la kulia, na mhuri wa serikali juu yake.

KITINDA: Ulikiweka lini?

BABA: Ulipokuwa unapiga pasi shati la kuanzia kazi.

KITINDA: Na mimi nilidhani umekuja kunitakia heri. Ulipanga yote.

BABA: Miaka sita napanga. Nikila napanga, nikikaza nati napanga. Nataka akae pale nilipokaa mimi mahakamani, aulizwe asichoweza kujibu, watu wazima wamtazame viatu kwa kuwa wanaona haya kumtazama usoni. Na asiwe na wa kumshika mkono wakati wa kutoka.

KITINDA: Vijana wananingoja hapa nje. Wanaomba kalamu. Niwaambie nini?

BABA: Hao baadaye. Kwanza mnyapara.

KITINDA: Hao sio baadaye, baba. Ni leo. Wakisaini leo, miaka kumi ijayo ni baba mwingine anakaza nati.

BABA: ... Waambie basi kitabu hicho ni chao.

KITINDA: Chao kivipi?

BABA: Shuleni hawakuwaambia? Zamani za bibi yako hapo kiwandani hapakuwa na barakoa wala kitabu. Watu walikaa chini siku kumi na tisa. Sakafuni, pembeni ya mashine, hakuna anayewasha. Wanyapara wanawaruka kama wanaruka madimbwi. Bibi yako alimnyonyeshea shangazi yako hapo hapo chini. Walipoinuka walikuwa wamepata mambo matatu. Barakoa kila Jumatatu, mapumziko ya mchana, na kitabu. Kitabu walikidai wao, unanielewa? Ili bosi asije akasema nimetoa na hajatoa. Ilikuwa kamba ya kumfunga yeye. Hawa waliokuja baadaye wakaigeuza, wakatufungia sisi.

KITINDA: Hilo sikuwahi kulisikia.

BABA: Nani akuambie? Waliokaa chini wamekufa, na waliowaruka ndio wenye ofisi.

KITINDA: Mama alikuwa na dole tu. Sisi tunajua kuandika. Usikate, nakuja.

BABA: Kitinda, salio— Haloo? Unakwenda wapi na salio linakwisha?

(Sauti nyingi kwa mbali. Mtu anacheka.)

KITINDA: Baba, upo?

BABA: Niende wapi.

KITINDA: Nimewasimulia, kifupi. Nimewaambia kila mtu aandike "sijapokea" mbele ya jina lake. Mwanzoni wameduwaa, kila mmoja anamtazama mwenzake. Kuna mmoja tunamwita Mrefu, mtu wa masihara, ndiye aliyetangulia. Kaandika, "sijapokea, boksi nimelisalimia tu". Wengine wakafuata. Dada mmoja kakataa, ana mtoto mchanga, anaogopa. Nimemwambia aache nafasi wazi, asisaini lolote.

BABA: Na jina lako?

KITINDA: Nimelikata mstari. Nikaandika, "sijapokea, nilisimamiwa".

BABA: ... Mwanangu. Hebu ngoja kidogo.

KITINDA: Nini tena?

BABA: Hilo koo lako. Rudisha kitabu chini ya meza. Chukua mkoba, uje nyumbani. Nitapata njia nyingine ya kumpata.

KITINDA: Sasa ndiyo unaniambia hivyo? Majina ya watu yako karatasini.

BABA: Sikia. Umeniuliza kwa nini hakuniambia. Wiki yake ya kwanza chumba kile alikataa kusaini. Alikataa mbele ya watu, mikono kifuani. Mnyapara hakumgombeza. Alinifuata mimi kwenye karakana, akaniambia, fundi, mkeo anakuharibia. Mimi nikaenda. Nikamshika mkono mbele ya wenzake, nikamwambia weka dole, tufanye kazi.

KITINDA: Akaweka.

BABA: Akaweka. Nilimwachia mkono nikarudi kwenye mashine zangu. Sikutazama kaweka dole gani.

KITINDA: ... Dole la ukurasa wa kwanza hapa lina mstari, baba. Na chini wameandika kwamba kitabu hiki kimeanza siku chumba cha kuchana kilipofunguliwa.

BABA: Wiki hiyo?

KITINDA: Wiki ya kwanza kabisa. Ulimshika mkono wa kulia, yeye akaweka wa kushoto.

(Mtandao unakwaruza. Baba anavuta kamasi.)

BABA: Pumbavu mimi.

KITINDA: Nyamaza kwanza, nasikia viatu. Wanakuja.

BABA: Mkaguzi ni yule mzee wa zamani? Yule alikuwa anakunywa soda ofisini, anashukuru, anaondoka bila hata kufika kwenye vumbi.

KITINDA: Huyu ni mama mmoja mfupi. Mhudumu kaniambia soda amekataa. Kaomba maji ya bomba.

BABA: Wote huanza na maji.

KITINDA: Baba, naweka simu mezani. Sitakata. Ila usiseme kitu.

BABA: Nitaziba mdomo kwa mkono.

(Mlango. Viti vinasogezwa.)

KITINDA: (mbali na simu) Karibu, mama. Karibu, meneja... Ndiyo, kitabu cha leo hiki hapa... Hapana, meneja, sijakosea. Ndivyo walivyoandika wenyewe, na wamesimama hapo nje, waulizeni... Boksi halijafunguliwa, mama. Gusa gundi yake... Samahani meneja, naongea na mama mkaguzi... Na kuna hiki kingine. Cha zamani. Mama, naomba uweke kidole chako hapa. Unaona huu mstari? Huyu ni mama yangu mzazi. Sasa tazama kitambulisho.

(Kurasa zinafunuliwa, moja, nyingine, nyingine.)

KITINDA: (mbali na simu) Siku ya ukaguzi. Ndiyo, mama. Hizo mbili tu. Na wenzake wote wa chumba kile ni hivyo hivyo, linganisha, siku zile mbili wote wamebadilisha mkono.

(Mlio mfupi wa simu: salio linakaribia kwisha.)

BABA: (kwa kunong'ona) Kitinda. Mnyapara anafanya nini? Kitinda.

KITINDA: (kwa kunong'ona) Nimekwambia usiseme.

BABA: Dakika imebaki. Niambie tu anafanya nini.

KITINDA: Amekaa.

BABA: Wapi?

KITINDA: Juu ya boksi la barakoa. Vijana wameingia hadi mlangoni, wanamtazama.

BABA: Wanamtazama wapi?

KITINDA: Viatu.

(Baba anapumua kwa nguvu.)

BABA: Na huyo mama?

KITINDA: Ameviweka vitabu vyote viwili kwenye begi lake. Kaniambia nisiondoke kazini, na meneja akinifukuza leo nimpigie yeye, kaniandikia namba. Sasa anamtaka meneja asaini kwamba vimechukuliwa mbele yake.

BABA: Anasaini?

KITINDA: Ametoa ile kalamu. Ameandika juu ya meza badala ya karatasi. Sasa kalamu imemdondoka. Hakuna anayemwokotea.

BABA: Mwambie aweke dole.

KITINDA: Baba—

BABA: Mwambie, mwanangu. Mwambie ni utaratibu tu. La kushoto, mwambie aweke la kush—

(Simu inakatika.)