Mwanzo wa Hesabu Hutupwa

Sogeeni, wanangu, tena kaeni upande mmoja wa kitanda, maana shingo yangu haiwezi tena kugeuka huku kwa kifungua mimba na kule kwa kitinda mimba kama natazama mpira. Najua hamsemezani tangu mgombanie chumba cha kompyuta zangu, kaka akitaka kukifunga, dada akitaka kuendeleza kazi yangu. Kama mlidhani mama mgonjwa hasikii, mmenoa. Mwili umechoka, masikio ni mazima.

Maisha yangu yote nimekuwa nikiunda, ndani ya kompyuta, ule utando mwembamba wa mafuta unaoizunguka seli ya ubongo, pamoja na kipokezi kilichochomekwa humo, ambacho hungoja dawa ikiguse ndipo kifunguke. Siku ya kwanza nilipokionyesha kikaoni kilikuwa kimepindapinda, mafuta yamekwenda kombo, na kijana mmoja wa maabara, mtu wa kushinda na chupa za majaribio, akacheka mpaka machozi, akasema dada huyu anatukaangia mayai. Nilimchukia kweli. Nikamwambia, kaka, subiri kitulie, kwa sababu katika kazi yetu mwanzo wa hesabu ni vurugu tupu, kila kitu kinasukumana kutafuta mahali pake, nasi sehemu hiyo huitupa, hatuihesabu kabisa. Kilipotulia kikafunguka palepale niliposema kitafunguka, na yule wa chupa akapima kwa mikono yake akakuta ni kweli, akaja mbio ofisini kwangu, koti la maabara amelivaa ndani nje. Huyo ndiye baba yenu. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulizozana mpaka majirani wakachoka. Tukautupa, tukaanza kuhesabu ulipoisha, na jamani, nimefurahi na mwanamume yule.

Basi nawausia hivi. Chumba ni chenu wote wawili, hakigawanywi. Wewe mkubwa, shika funguo, na usizime umeme mpaka hesabu inayoendelea sasa imalizike. Wewe mdogo, itazame hiyo hesabu, na usimwone kaka yako mshamba kwa kuwa yeye ni fundi bomba. Mitambo yangu ingekufa kwa joto zamani kama si mabomba yake ya maji. Yale mliyorushiana sebuleni yalikuwa ni kusukumana tu. Yatupeni.

Nipe maji kidogo... asante, mama. Sauti inakwisha. Nimeishi vizuri, msinililie sana. Mungu awape kazi ya kuwaamsha asubuhi na kicheko, na mtu wa kubishana naye.

Leteni mikono, hapa juu ya shuka. Huu wenye sugu ni wako, mkubwa... Mshike mdogo wako. Mshike vizuri... Nani huyo anacheka? Mnacheka wote... Ehee. Mmetulia sasa.

Haya... anzeni kuhesabu.