Risala ya Waswaga Nyumbu wa Sirkot kwa Jaji Aliyewanyima Ushindi

Mgeni rasmi wetu, Mheshimiwa Jaji mstaafu Umesh Dimri. Wakili wetu, Mama Mridula Nautiyal. Wazee wa Sirkot. Waume zetu mnaochochea moto kule jikoni. Mabibi na mabwana.

KARIBU

Sisi wanawake tunaoswaga nyumbu, wale wana wa punda na farasi, kuwapandisha mahujaji katika njia ya mlima ya hekalu la Sirkot, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumeambiwa umepanda hadi hapa kwa miguu na kukataa nyumbu tuliyekutandikia. Hatuna kinyongo, ila nyumbu amekaa na tandiko tangu asubuhi na ametununia.

Tulipotaja jina la mgeni rasmi kikaoni, Hansi Bisht alidhani katibu amekosea. Akauliza, “Huyu si ndiye aliyetuangusha?” Bachni Devi, mwenyekiti wetu, akamjibu, “Ndiye. Tulia, utasikia kwenye risala.” Basi Hansi, sikiliza.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, anayeswaga nyumbu katika njia hii lazima afunge beji ya shaba mkononi. Kanuni zinasema beji hupewa “mtu mzima mwenye afya.” Miaka ishirini iliyopita mama mmoja aitwaye Chaiti alinyimwa, akashtaki, na kesi yake ikafika kwa jaji mmoja wa Mahakama Kuu. Jaji akaamua kwamba katika njia ya hatari kama hii neno “mtu” lina maana ya mwanamume, kwa kuwa mwanamke hawezi kumzuia nyumbu aliyeshtuka. Chaiti alikuwa amechoka. Akarudi kukata majani ya mifugo, na hakuna aliyekata rufaa zaidi. Neno la mtu mmoja likakaa miaka ishirini, likawa sheria yetu sote.

Bachni hakuyajua hayo. Mumewe, Kundan, alianguka kutoka kwenye mtufaha akavunjika nyonga, naye Bachni akafunga beji ya mumewe na kushika njia. Aliswaga miaka tisa, akawapandisha mahujaji wazee, maharusi, na mganga mmoja mnene aliyeimba njia nzima. Hakuna aliyeanguka. Kisha Mamlaka ya Njia ikaleta karani mpya getini. Karani akamvua ile beji mbele ya abiria wake, akamwambia, “Mama, hii ni ya wanaume. Wewe kauze chai.”

Bachni alishuka kwa miguu hadi mjini kumtafuta wakili. Mahakama ya mwanzo ilimaliza kesi asubuhi moja. Hakimu alisoma hukumu ya Chaiti, akafunga faili. Tukakata rufaa, na rufaa hiyo, Mheshimiwa, ikaangukia mezani kwako, ulipokuwa jaji wa wilaya.

SIKU ULIYOKUJA NJIANI

Mama Mridula alitufundisha kwamba rufaa ya kwanza hufungua kila kitu upya, ukweli na sheria pia. Wakili wa Mamlaka alirudia kwamba mwanamke hawezi kumzuia nyumbu. Mashahidi wetu wakasema anaweza. Wewe ukasema utakwenda kutazama mwenyewe.

Ulikuja umevaa viatu vya mjini, ukaamuru Bachni aruhusiwe kuswaga siku hiyo moja. Pale kwenye kona ya maporomoko ikapita helikopta ya mahujaji matajiri, chini mno, na nyumbu wote wakaruka. Waswaga wawili wanaume waliachia kamba. Hatuwataji, wako hapa na wanakula chakula chetu. Bachni alimshika nyumbu wake hatamu, akamgeuza uso ukutani, akawa anamsemesha kama mtoto mwenye homa mpaka akatulia. Abiria wake, bibi wa miaka sabini, hakuacha hata kutafuna njugu. Wewe ulikuwa umekumbatia mwamba. Halafu ukatoa daftari ukaandika.

Kwa hiyo tulikuja kusikiliza hukumu tukiwa na maua. Ukasoma kwamba tumeshindwa.

Bachni alikaa kwenye ngazi za mahakama akalia. Kundan alimwambia warudi nyumbani, yatosha. Sisi wengine tulikasirika, na leo tunaungama hadharani: wiki ile tulinunua nyumbu mbishi kupita wote, tukampa jina la Jaji. Bado yupo.

Mama Mridula peke yake alikuwa anacheka. Alikuwa na nakala mkononi, amefika ukurasa wa kumi na moja.

“Mmepewa zawadi, na mnalia,” akasema.

“Zawadi gani? Si tumeshindwa?” Bachni akauliza.

“Tumeshindwa kwa sheria tu. Ameandika hapa kwamba umeswaga miaka tisa bila ajali. Ameandika alichokiona kwenye kona, kwa macho yake. Ameandika kwamba nguvu za kumzuia nyumbu unazo. Kisha anasema hukumu ya Chaiti ni ya Mahakama Kuu, yeye yuko chini yake, hana ruhusa ya kuivunja hata akiiona ina kasoro. Sasa sikiliza, dada. Kule juu hawasikilizi tena mashahidi. Wanauchukua ukweli kama ulivyoandikwa huku chini, wanauliza tu sheria inasemaje. Na ukweli wetu ameshauandika.”

Bachni akafuta machozi kwa ncha ya shali. “Tunakwenda lini?”

TULIKOFIKA

Tulikwenda Mahakama Kuu wanawake kumi na mmoja kwa basi, na vikapu vya mikate ya wimbi. Jaji wa kwanza aliyetupokea alisema hawezi peke yake kumpinga jaji mwenzake wa ngazi ile ile, akalipeleka swali kwa majaji wawili. Tukarudi tena baada ya miezi minane.

Wakili wa Mamlaka alianza kusema mwanamke hawezi kumzuia nyumbu. Jaji mmoja, mama mwenye sauti ya chini, akamkatisha. “Hilo limeshaamuliwa, bwana, tena na mtu aliyekuwepo. Una hoja ya sheria?” Wakili akaomba maji ya kunywa.

Wakaamua kwamba “mtu” ni mtu. Hukumu ya Chaiti wakaiondoa, na maneno yako ya kwenye kona wakayanukuu neno kwa neno. Bachni alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Chaiti kumpa habari. Chaiti ni mzee sasa. Akauliza, “Kwa hiyo nilikuwa sahihi?” Bachni akamwambia, “Ulikuwa sahihi.” Leo amekaa pale mstari wa mbele, mwenye shali ya bluu.

Tangu siku hiyo wanawake sitini na watatu wameomba beji. Bonde la pili, wapagazi wanawake walishinda kesi yao kwa kutumia yetu. Mawakili sasa husema “kwa mujibu wa Bachni.” Kundan naye amelichukua: kila mboga ikikosa chumvi, husema ni kwa mujibu wa Bachni.

YANAYOTUSUMBUA

Hukumu ina kurasa thelathini na mbili, na iko kwa Kiingereza. Kwenye geti la Malkhet, njia ya jirani, karani anawaambia wanawake, “Hiyo ni ya Bachni. Wewe si unaitwa Sarojini?” Sarojini hana la kumwonyesha.

La pili ni zito zaidi. Mamlaka imekata rufaa Delhi, kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi. Itasikilizwa mwezi ujao, na majaji wa kule wako juu ya wote waliotupa haki. Tunaogopa, hatufichi.

MAOMBI

Kwanza, utuandikie kurasa mbili kwa lugha yetu, zinazosema majaji wameamua nini na kwamba uamuzi huo ni wa kila mwanamke. Tutazibandika kwenye kila geti.

Pili, kuhusu Delhi, hatukuombi useme neno na mtu yeyote. Mama Mridula ametukataza, nasi tumetii. Tunaomba tu siku hiyo ukae nasi hapa. Hukumu ikija na habari mbaya, sisi tutasoma mstari wa mwisho na kulia. Wewe utusomee kurasa za katikati.

Tatu, utufungie beji. Mamlaka imelazimika kuzileta juzi, sitini na tatu. Wengine walishauri tungoje Delhi iamue kwanza. Bachni aliwasikiliza wote, kisha akasema, “Hekalu linafunguliwa kesho baada ya majira ya baridi. Delhi hawajaizuia hukumu hii, kwa hiyo ndiyo sheria ya leo. Wakitaka kuibadilisha, watatukuta njiani.”

Mheshimiwa, mikono yetu iko tayari.

Mungu wa milima hii akupe magoti mazima na miaka mingi ya kuyatumia, akulinde wewe na nyumba yako.

Ni sisi,
Umoja wa Wanawake Waswaga Nyumbu, Njia ya Sirkot.
Imesomwa na Vimla Panwar, Katibu.