Ufunguo wa Tanuri la Udongo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Misitu. Mkuu wetu wa maabara. Ndugu wachimbaji mlioshuka mlimani asubuhi hii na tope miguuni: salamu kwenu nyote.

KARIBU

Karibu sana, mgeni rasmi, na pole kwa kona za njiani. Risala hii tumeiandika sisi, lakini anayeisoma ni Shangazi, mkaushaji wetu wa udongo. Alikataa, tukamng'ang'ania mpaka akachoka. Shangazi, usiruke mstari, nakala tunazo.

TULIKOTOKA

Kwa miaka kumi na tisa tumepima kaboni ya udongo wa msitu wa mlimani, yaani ile akiba inayobaki majani na mizizi vikioza. Udongo wa kaboni hukaushwa, na Shangazi hajawahi kuunguza hata kijiko. Mwaka jana tukaongezewa kazi ya kupima vimeng'enya, wale wapishi wasioonekana wanaoivunjavunja akiba hiyo iwe chakula cha miti. Hao hawataki moto kabisa. Udongo wao hukaa kwenye friji hadi siku ya kupimwa.

KOSA LETU

Friji yetu ni moja, na siku ile ilijaa. Mifuko ya vimeng'enya kutoka msitu wa juu ikaachwa mezani, ikatoa jasho. Shangazi akaiona imelowa, akaionea huruma, akaitia tanurini mpaka kesho yake. Mazoea yana taabu! Tulipopima, hapakuwa na dalili ya uhai. Tukaandika kwamba udongo wa msitu wa juu umekufa, na kwa ripoti hiyo msitu ule ukapangiwa kukatwa, ipandwe miti ya mbao.

Misumeno ilikuwa imeshafika getini siku Shangazi alipoiona ile mifuko kwenye rafu, vibandiko vyake vimegeuka kahawia kwa joto. Angenyamaza, nani angejua? Akaingia ofisini kwa mkuu bila hata hodi.

"Udongo haukufia msituni," alisema. "Nimeuua mimi, kwenye tanuri."

Akalia. Kisha akaketi akayaandika hayo kwa barua, nayo ndiyo iliyokufikia, mgeni rasmi, nawe ukasimamisha misumeno siku hiyo hiyo. Ahsante sana!

MAFANIKIO

Tulipanda mlima upya, tukachimba mashimo arobaini, tukashuka na masanduku ya barafu mgongoni. Majibu yametoka: msitu wa juu una kaboni nyingi kuliko wa chini, na vimeng'enya vinachapa kazi. Juzi ukaufuta mpango wa kuukata. Jamani, tumepata usingizi! Hata mkuu wetu, ambaye hacheki ovyo, alicheka hadi akavua miwani.

MAOMBI

Tunaomba friji ya pili. Mabuti na bati linalovuja yanaweza kungoja.

Ombi jingine ni dogo. Tangu siku ile ufunguo wa tanuri umo mfukoni mwa mkuu, na Shangazi anaosha chupa. Hatumlaumu mkuu, naye aliogopa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mtu aliyejisema mwenyewe ndiye wa kuaminiwa moto. Shangazi, mstari unaofuata ni wako, usome kwa sauti:

"Naomba nirudishiwe ufunguo wangu."

Sauti ikimkwama, mgeni rasmi, sisi tuliosimama nyuma yake tutausoma pamoja.

Mungu akurudishe salama kwako, na msitu wa juu akauweke.

Ni sisi, wachimbaji, wakaushaji na wapimaji wa Maabara ya Udongo.