Kabati la Vishikwambi na Mwenyekiti Wake

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, Mwalimu Mkuu Bi Gatwiri, mchungaji wetu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaosubiri pilau kuliko mnavyonisubiri mimi, hamjambo? Kabla niwaage kama mwenyekiti wa bodi, tazameni mtu mwenye bahati. Mimi Kobia niliacha shule kidato cha pili kwa hiari yangu, kwa sababu lori la ndizi liliniita nikaona masomo yananichelewesha. Nimelala Mombasa, nimekula Kampala, na hapa Nkubu nani hanijui?

Vishikwambi vilipokuja, vimejaa masomo yaliyorekodiwa na walimu wetu, Bi Gatwiri alitueleza kwamba mwanafunzi atasoma saa yoyote, mahali popote. Nilipiga makofi kuliko wote. Kisha nikafanya nini? Nikaleta kabati la chuma, nikatia kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye mshipi wangu. Saa yoyote, ndiyo, mradi Kobia yuko. Wiki hiyo hiyo nikaenda Ishiara kutafuta ndengu, nikakaa siku nne. Msinicheke peke yangu; bodi nzima iliniunga mkono, na wako hapa wanaangalia viatu vyao.

Niliporudi nilimkuta Karwirwa wa kidato cha nne langoni kwangu. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini, yeye ndiye aliyekama ng'ombe na kulea wadogo zake, shule hajaiona wiki tatu, na mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi. Nikamweleza kwamba kifaa kikitoka shuleni kitaishia kwenye ndoo ya maziwa.

Akaniambia, "Mzee, ng'ombe wetu hakamwi kwa ratiba ya bodi. Nipe nisome, ama uje ukame wewe."

Nyinyi mngejibu nini? Nikafungua. Alisoma kemia kando ya zizi, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi akaondoka anajua chumvi hutengenezwaje. Leo anaenda chuo kikuu. Simama tukuone, Karwirwa. Na wewe Bi Gatwiri, uliyenivumilia bila kunitukana, walau mbele yangu, kuanzia leo kila mwanafunzi anabeba kishikwambi chake nyumbani.

Asanteni sana kwa masikio yenu. Ila kabla sijaketi: ile bahati yangu ni uongo. Baba alivunjika mguu, nikachuma kahawa muhula mzima, nikarudi nikakuta hesabu zimenipita, nikaona haya kuuliza. Hakuna lori lililoniita.