Kichochoro Kilichonifikisha Mezani pa Bwana

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu! Nawasalimu nikiwa nimesimama, na mnajua kwangu hilo si jambo dogo.

Wengi wenu mlinijua nikivuka daraja la Makupa kwa miguu kwenda kuwafundisha wanaotaka kubatizwa, na kurudi kisiwani siku hiyo hiyo. Kisha miguu ikanikana. Ilianza ganzi, halafu mguu wa kulia ukawa wa kuburura. Daktari alisema mishipa ya fahamu imeugua, na dawa ya kuuondoa ugonjwa huo hana. Mkawa mnanileta kanisani kwa mkokoteni wa hamali na kuniketisha benchi la nyuma. Mungu awabariki! Lakini ndugu zangu, wenzangu walipoinuka kwenda Mezani pa Bwana, mimi nilibaki nikitazama migongo yao. Padre aliniletea mkate na kikombe pale nilipo. Nilipokea kwa shukrani, nikalia. Nilitamani niitwe, niinuke, niende mwenyewe!

Mke wangu Raheli alinitunza kama tunavyotunzana sisi watu wa pwani. Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, akanifukiza chini ya shuka mpaka jasho likanitiririka. Nikitoka humo, miguu ilikuwa imelegea kama ya mtoto mchanga. Tukadhani ugonjwa unatoka, tukazidisha moto!

Ndipo padre akamleta Bibi Ruth, Mzungu aliyekuwa akiwafundisha kutembea askari waliojeruhiwa vitani. Alinikuta nikifuka mvuke.

"Mama, unampika mzee?" akamwuliza Raheli.

"Namtibu!"

"Joto ndilo linalommaliza nguvu. Mishipa yake hailiwezi. Mpe maji ya baridi, atembee asubuhi kabla jua halijapanda, na akichoka apumzike."

"Atembee wapi, naye hana pa kushika?"

Bibi Ruth akachungulia nje. Mnakijua kichochoro chetu cha Mji wa Kale: ukinyoosha mikono, unagusa kuta zote mbili. Akacheka. "Hapa hapa!"

Akanifundisha kuinua goti, kutanguliza kisigino, kuhamisha uzito polepole. Mwisho wa kichochoro jirani yetu Kasamali, muuza viungo, aliniwekea kiti mlangoni pa duka lake.

"Haraka mzee, chai yapoa!"

"Inywe," nilimjibu, "nikifika nitakuta nyingine."

Siku nyingine nilianguka, na Kasamali hakucheka. Miezi ikapita. Kutoka kuta mbili nikahamia ukuta mmoja, kisha fimbo.

Jumapili ile mnaikumbuka. Padre aliita, nami nikainuka. Mlipotaka kunikimbilia, Raheli aliwazuia: "Mwacheni." Nikapita katikati ya mabenchi. Nikafika! Kupiga magoti sikuweza. Nikapokea nimesimama.

Ndugu zangu, sisemi nimepona. Kaskazi ikiingia na joto lake, narudi benchi la nyuma, na hamali bado anaujua mlango wangu. Bado natamani kupiga magoti pale. Bado natamani Makupa. Lakini aliyenifikisha mbele mara moja hajaniacha, nami namshukuru kwa kila hatua aliyonipa.

Na wewe unayetazama migongo ya wenzako leo, mtumaini Yeye. Njoo kichochoroni kwetu asubuhi, kabla jua halijapanda. Kuta zipo, na Kasamali ataongeza kiti.