Mzee Msasa, Fundi wa Viti Vyenye Mikono

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Msasa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne kati ya sita. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1966, akaacha ili mdogo wake apate nafasi.

Mwaka uliofuata alianza kujifunza useremala kwa fundi aliyepinda mbao kwa mvuke, na mwaka 1979 alifungua karakana yake nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Kabla ya kutoa kiti alifumba macho, akapitisha kifundo cha mkono ukingoni. Ngozi ikihisi chochote, kiti kilirudi kwenye msasa.

Alimwoa mama yetu, fundi cherehani, tarehe 7 Agosti 1976. Walijuana alipoitwa kutengeneza mguu wa meza ya mama ya kukatia vitambaa, akazipiga msasa na pembe zote nne zikawa butu.

"Nani amekutuma?" mama alimuuliza.

"Meza yako inakula vitambaa, dada. Nimeing'oa meno."

Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2014 mwanawe wa pili, anayesoma wasifu huu, alirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya ubunifu wa bidhaa. Alikuwa amefundishwa kwamba kitu kizuri ni kile kisichobaki na cha kupunguza, naye akapunguza. Akaondoa mikono ya viti, akanyoosha migongo. Kalibu za kupindia mbao, kazi ya miaka thelathini na mitano, akazifanya kuni. Baba alisimama mlangoni akasema tu, "Wewe ndiye uliyesoma, baba." Viti vile vilipendwa, vikapigwa picha magazetini.

Mwaka 2022 nyonga zilianza kumsumbua. Akawa anashinda sebuleni kwenye kiti chetu kilichosifiwa kuliko vyote, nasi tukidhani anapumzika. Mjukuu alipomuuliza mbona hatoki nje siku hizi, alijibu, "Kizuri kweli kiti cha babako. Ila kina ukarimu uliozidi, hakimwachii mgeni aage." Tulicheka sote. Hakuwa na pa kushika ili ainuke.

Tarehe 3 Juni 2023 alijaribu kusimama peke yake, akaanguka, nyonga ikavunjika. Hospitalini mwanawe alianza, "Baba, kile kiti..." Akamkatiza: "Umekula?"

Alifariki tarehe 19 Juni, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja.

Familia ilishauri habari ya kiti isiandikwe, kwani marehemu husemwa kwa mema. Lakini baya hili si la marehemu. Ni la mwanawe, ambaye alikuwa na siku kumi na sita za kuomba radhi pale kitandani, akazimaliza kwa kujibu kwamba amekula. Anaiomba leo, mbele yenu.

Mola ampumzishe baba yetu pema.